Tarehe ya Nyumbani Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Daftari la "Siku Kama ya Leo" ukiwa Dodoma

Kwa wanafunzi wengi wa Dodoma, 26 Aprili ni sikukuu ya Muungano, basi. Wachache wanakumbuka kwamba ni tarehe hiyohiyo, mwaka 2018, Rais John Magufuli alipoutangaza mji wao kuwa jiji, sherehe za Muungano zikifanyika Uwanja wa Jamhuri. Wachache zaidi wanajua kwamba Katiba tuliyonayo ilianza kutumika tarehe 26 Aprili 1977. Na ukiwaambia kuwa tarehe hiyo, mwaka 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka huko Ukraini, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovyeti, wanakaa kimya kidogo. Kisha maswali yanaanza: nyuklia ni nini, nani alikufa, mbona hatukuambiwa?

Kwa ajili ya kimya hicho kidogo nimekuwa nikitunza daftari la tarehe kwa miaka kadhaa. Kutoka kwenye daftari hilo tunaandika karatasi ya manila inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mwanafunzi mmoja anaisoma mstarini asubuhi. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mtangazaji wa redio ya jamii, au kijana yeyote wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni anayetaka kuanzisha daftari kama hilo na kulifanya liaminike.

Nianze na onyo moja. Orodha nyingi za "siku kama ya leo" zinazozunguka kwenye simu zimenakiliwa kutoka nchi nyingine. Utakuta mfalme wa Ufaransa kazaliwa, meli ya Marekani imezama, mwigizaji wa London amefariki. Mtoto wa Bahi akisikia hayo kila asubuhi kwa mwaka mzima, anajifunza jambo moja tu ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba historia hutokea kwingine. Kwa hiyo kanuni yangu ni tarehe ya nyumbani kwanza, dunia baadaye. Hatua zote zinazofuata zinatokana na kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: andaa daftari

Nunua kaunta buku nene yenye kurasa zisizopungua 366, ili kila siku ipate ukurasa wake. Andika tarehe juu ya kila ukurasa kabla hujaandika tukio lolote, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba. Usiiruke 29 Februari kwa kuwa huja mara moja kwa miaka minne. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, na ukurasa huo usipokuwepo utajikuta unambandika 28 Februari au 1 Machi, siku ambazo si zake.

Gawa ukurasa kwa safu tatu: mwaka, tukio, na mahali ulipolipata. Safu ya tatu ndiyo inayotenganisha daftari na porojo. Andika "Gazeti la Serikali", "maelezo ya mzee wa Hombolo", "jiwe la msingi la zahanati", chochote kile, ilimradi mtu mwingine aweze kwenda kukiangalia. Tukio ambalo hujalihakiki liandike kwa penseli. Likishathibitika kwa vyanzo viwili visivyonakiliana, lipitishie kalamu.

Mstari wa juu kabisa wa kila ukurasa uachie tukio la nyumbani, hata kama hulijui bado.

Acha pia kurasa kadhaa mwishoni kwa matukio yenye mwaka bila siku. Huku kwetu ni mengi na ni mazito. Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910. Mapigano ya Kondoa Irangi kati ya Waingereza na Wajerumani yalikuwa Mei 1916. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ukaachwa 1951. Kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilifunguliwa palepale Kongwa kuanzia 1964. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Yahifadhi hayo huko nyuma mpaka siku zake zipatikane, kuliko kuyabunia tarehe.

Hatua ya pili: kusanya ya nyumbani

Anza na karatasi. Maktaba ya mkoa ina magazeti na vitabu ambavyo havipo kwenye intaneti. Gazeti la Serikali hutaja siku ambayo sheria au tangazo linaanza kutumika. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansadi, zinaonyesha siku, kikao na maneno yenyewe, na kwa kuwa Bunge liko mjini kwetu ni aibu kuzisikia kwa mtu wa tatu. Kwa zamani za ukoloni, gazeti la Kiswahili la Mambo Leo lilianza kutoka mwaka 1923.

Ukitumia gazeti, kumbuka kwamba gazeti la leo huandika ya jana. Edward Moringe Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ilikuwa 12 Aprili 1984. Gazeti utakalolishika mkononi likiwa na habari hiyo litakuwa na tarehe ya kesho yake. Nimeshaona bango zuri lililopambwa kwa rangi, likiwa na tarehe ya gazeti badala ya tarehe ya tukio.

Karatasi zikiisha, toka nje. Mawe ya msingi ya shule na makanisa, vyeti vya ubatizo, maandishi makaburini, na tarehe ambazo mafundi huzichora kwa kijiti kwenye saruji mbichi ya visima na madaraja, vyote hivyo ni nyaraka. Piga picha, kisha nakili kwa mkono, kwa sababu picha ya simu hupotea simu ikipotea.

Hatua ya tatu: waulize wazee, lakini si tarehe

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wanamfikia bibi wa miaka themanini chini ya mbuyu, wanamuuliza, "Bibi, ilikuwa tarehe ngapi?" Bibi anajibu asilolijua kwa heshima ya mgeni, na kosa linaingia daftarini.

Msalimie kwanza, shikamoo au mbukwenyi, ukae, upewe nafasi. Kisha uliza kwa majira. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo maswali ya shambani hupunguza mwaka haraka sana: Mvua zilikuwa zimeanza? Mlikuwa mnapalilia uwele au mnavuna? Ng'ombe walikuwa wameshapelekwa mbali kutafuta malisho? Halafu uliza kwa watoto: wakati huo ulikuwa na nani mgongoni? Mtoto huyo ana cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, na kadi hiyo ina mwaka.

Kisha tumia matukio makubwa kama vigingi. Kwa kizazi cha wazazi wetu, kigingi kikubwa ni Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini. Uliza tu: kabla ya operesheni au baada? Kwa habari zilizorithiwa kutoka kwa mababu, kigingi ni njaa. Wagogo waliipa njaa kubwa ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake jina la Mtunya. Mzee akikuambia babu yake "alizaliwa Mtunya", amekupa miaka kati ya 1916 na 1920. Kwa karne ile hicho ni kipimo kizuri kabisa, usikidharau kwa sababu hakina tarakimu. Kiandike alivyokisema, kisha weka miaka pembeni.

Hatua ya nne: hakiki

Hatua hii ndiyo ndefu, na ningekuomba usiifupishe. Tarehe hudanganya kwa njia nyingi.

Anza na kitenzi. Tukio kubwa huwa na siku kadhaa, na kitenzi ndicho kinachoibeba tarehe. Hati za Muungano zilitiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Karume tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza tarehe 26, hati za kuridhia zikabadilishwa tarehe 27. Mtu akiandika "Muungano 22 Aprili" hajakosea moja kwa moja, amekosea kitenzi. Katiba ilipitishwa tarehe 25 Aprili 1977 na kuanza kutumika kesho yake. Swali maarufu la hapa kwetu, "makao makuu yalihamia Dodoma lini?", halina jibu moja: uamuzi ulikuwa 1973, msukumo mpya wa kuhama ukatangazwa Julai 2016, sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ikatungwa 2018. Chagua kitenzi chako: iliamuliwa, ilitangazwa, ilitungiwa sheria. Ukitumia "ilihamia", utabishana na watu mchana kutwa.

Pili, siku ya wiki. Kama chanzo kinasema tukio lilikuwa Alhamisi, hakikisha tarehe hiyo ilikuwa Alhamisi kweli. Kalenda ya simu inatosha. Bando likiisha, tumia hesabu hii: kuanzia 1901 hadi 2099, kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28. Ajali ya Sokoine ilikuwa Alhamisi, 12 Aprili 1984. Ongeza 28 upate 2012, na 12 Aprili 2012 ilikuwa Alhamisi. Muungano ulianza Jumapili, na 26 Aprili ya 1992 na ya 2020 zote zilikuwa Jumapili. Siku zisipopatana, kuna mtu kakosea mahali, rudi kwenye chanzo.

Tatu, usiku. Hili ni tatizo letu Waswahili hasa. Kwa hesabu ya asili siku huanza jua likizama, kwa hiyo mzee anaposema "usiku wa Jumamosi" huenda anamaanisha usiku ule tunaouita wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kijana anayesikiliza anaandika Jumamosi saa tatu usiku, na tarehe inasogea siku nzima. Chernobyl ni mfano mzuri wa kufundishia: mlipuko ulitokea saa saba na dakika 23 usiku kwa saa za huko, usiku wa kuamkia Jumamosi. Aliyeuita "Ijumaa usiku" ataiweka 25 Aprili. Siku zote uliza: usiku wa kuamkia lini?

Nne, saa za dunia. Neil Armstrong alikanyaga mwezini tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Kwa saa zetu ilikuwa 21 Julai, saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri, jogoo wakiwa wameshawika Ugogo. Chombo chenyewe kilikuwa kimetua saa tano na robo hivi usiku wa tarehe 20. Mimi huandika tarehe ya mahali tukio lilipotokea au ya taifa lililolitenda, kisha naongeza saa ya Dodoma kwenye mabano. Wanafunzi huipenda saa ya Dodoma kuliko tukio.

Tano, kalenda zenyewe. Mwaka 1582 nchi kadhaa za Kikatoliki zilitoka 4 Oktoba zikaamkia 15 Oktoba ili kurekebisha kalenda. Uingereza ilikawia hadi 1752, Urusi hadi 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, ya 25 Oktoba 1917, kwa kalenda tunayoitumia ni 7 Novemba. Na ndiyo maana ule usemi kwamba waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walikufa siku moja, 23 Aprili 1616, si kweli. Tarehe ya Shakespeare ni ya kalenda ya zamani, kwa yetu ingekuwa 3 Mei. Cervantes alikufa tarehe 22, akazikwa 23. Ukikuta tukio la Ulaya la kabla ya 1752, litazame mara mbili.

Kondoa na kwingineko kwenye Waislamu wengi utapewa tarehe ya Hijria. Mtu akikuambia jambo lilitokea "mwezi kumi na mbili Mfungo Sita", yaani siku ya kumi na mbili ya mwezi wa Mfungo Sita, ni siku ya Maulidi, lakini Maulidi hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka. Upate mwaka kwanza, ndipo ubadilishe kwa programu ya simu, na uache nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya mwandamo wa mwezi.

Sita, tarakimu. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Mabomu ya balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi yalilipuka 7 Agosti 1998. Wao huandika 8/7/1998, nawe ukinakili ilivyo umepata 8 Julai. Andika jina la mwezi kwa herufi, na uwe mwangalifu na Juni na Julai. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua 19 Julai 1898 akikataa kukamatwa na Wajerumani. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga, Iringa, 19 Juni 1954. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika yote mawili Juni. Mzazi mmoja mwenye asili ya Iringa alikuja hadi ofisini, kwa upole sana, kunisahihisha. Siku iliyofuata tulisoma masahihisho mstarini kabla ya habari ya siku hiyo, na tangu hapo kila kosa tunalisahihisha kwa sauti ileile tuliyolisemea.

Baadhi ya tarehe hazitapona kwa uhakiki wowote. Henry Morton Stanley, aliyepita Ugogo mwaka 1871 akilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, aliandika kitabuni kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba. Lakini njiani aliugua homa akapoteza hesabu ya siku, na Livingstone naye hakuwa na hesabu sahihi. Hiyo ibaki kwenye penseli: "mwishoni mwa 1871".

Hatua ya tano: tenganisha zilizochaguliwa na zilizoangukiana

Ukurasa ukishakuwa na matukio mawili au zaidi, jiulize yamekutanaje. Kuna tarehe ambazo watu walizichagua makusudi. Azimio la Arusha ni la 5 Februari 1967. Tarehe hiyohiyo mwaka 1970 serikali ililitaifisha gazeti la Standard, na tarehe hiyohiyo mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Jamhuri ya Tanganyika nayo ilizaliwa 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya Uhuru. Dodoma kutangazwa jiji siku ya Muungano ni uamuzi wa namna hiyo. Matukio haya yanaelezana, na ni haki yako kuyaweka kwenye sentensi moja.

Nyingine zimeangukiana tu. 12 Aprili alikufa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, 1945. Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, 1961. Sokoine akatutoka, 1984. Hakuna uzi unaoyaunganisha, na usiutafute. Nimesikia watu wakijenga nadharia nzito juu ya tarehe zilizogongana, na wasikilizaji wakaondoka na uzushi. Mimi huweka alama ya nyota kwenye zilizochaguliwa, na zilizoangukiana naziacha bila alama.

Hatua ya sita: andika na usome

Matukio matatu yanatosha kwa siku moja. La nyumbani juu, la Afrika au la dunia chini yake, na la tatu likiwepo. Kila tukio lipate sentensi mbili: ya kwanza iseme nani alifanya nini wapi, ya pili iseme kwa nini lilitokea au lilibadilisha nini. Kusoma kusizidi dakika mbili. Msomaji afanye mazoezi ya majina ya kigeni jana yake.

Siku ngumu kuliko zote kwangu ni 24 Juni. Jumatatu ya tarehe hiyo, mwaka 2002, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, ikiwa eneo la Igandu, mkoani kwetu, ilirudi kinyumenyume kwenye mteremko kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Karibu kila mwaka darasani huwa na mtoto ambaye nyumbani kwao kuna picha ya mmoja wao ukutani.

Siku hiyo tunaandika hivi: "24 Juni 2002. Treni ya abiria ilipata ajali Igandu, Dodoma, na ndugu zetu 281 wakapoteza maisha. Tunasimama kimya dakika moja." Halafu tunaweka tukio moja tu la dunia, nalo nililichagua baada ya kulifikiria sana. Tarehe 24 Juni 1859 yalipiganwa mapigano ya Solferino, kaskazini mwa Italia. Henry Dunant, mfanyabiashara kutoka Uswisi, alifika jioni hiyo akakuta maelfu ya majeruhi wametelekezwa, akawakusanya wanakijiji wawahudumie bila kujali walipigania upande gani. Kutokana na aliyoyaona, mwaka 1863 ilianzishwa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Hayo mawili yameangukiana tu, sisemi zaidi ya hapo. Lakini mtoto aliyefiwa akiyasikia pamoja, anasikia pia habari ya watu waliokimbilia kwa majeruhi.

Kila mwaka wavulana huniomba niongeze kwamba Lionel Messi alizaliwa 24 Juni 1987. Ni kweli, na daftarini yumo. Kwenye ubao tunamweka kesho yake, chini ya kichwa "Jana pia". Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kurasa ambazo bado ni tupu

Utafika mwisho wa mwaka wa kwanza ukiwa na mistari mingi ya juu isiyo na kitu. Usiijaze kwa matukio ya London ili ukurasa upendeze. Mwaka jana nilisoma mstarini orodha ya tarehe zote ambazo Dodoma haina lake daftarini, nikawaomba wanafunzi waende nazo likizo. Shule ilipofunguliwa, msichana wa kidato cha pili alinifuata na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijijini kwao kuna bomba la maji la kwanza kabisa, na fundi alikuwa ameichora siku ile kwenye saruji kabla haijakauka. Mwaka ulikuwa umefutika kwa kukanyagwa. Alikuwa amekwenda kwa bibi yake kumuuliza siku hiyo alikuwa na nani mgongoni.